Jinsi ya Kujenga Wetu, Nyumba ya Asili ya Wampanoag: Mwongozo Kamili

Wampanoag ni wenyeji wa kusini-mashariki mwa jimbo la Massachusetts na mashariki mwa Rhode Island nchini Marekani, pamoja na visiwa vya Martha's Vineyard na Nantucket, na wangali wanaishi huko hadi leo. Jumuiya zao mbili zinatambuliwa rasmi na serikali ya shirikisho: Aquinnah tangu mwaka 1987 na Mashpee tangu mwaka 2007. Nyumba yao ya asili huitwa wetu, na zikiwa nyingi huitwa wetuash. Kwa kuwa neno hilo la Kiwampanoag linafanana kwa sauti na neno la Kiswahili "wetu" lisilohusiana nalo, humu nitasema zaidi "nyumba" ili msomaji asikwame njiani.

Watu wengi wakisikia habari za nyumba ya wenyeji wa Amerika hufikiria hema la ngozi lililochongoka juu. Hema hilo ni la watu wa nyanda za nyasi, mbali sana na pwani ya Atlantiki. Nyumba ya Wampanoag ni kuba la miti mibichi iliyopindwa, likafunikwa kwa mikeka au kwa magome. Anayetaka kuijenga, au kuielewa kama mjenzi anavyoielewa, ashike tangu mwanzo kwamba kiunzi ndicho sehemu nyepesi ya kazi. Miti husimamishwa kwa siku chache. Mikeka, magome na kamba huanza kutayarishwa mwaka mzima kabla, kila kimoja kwa msimu wake, na msimu ukipita haurudi mpaka mwaka ujao. Nimeona kazi nyingi za shule na za makumbusho zikianza na miti, na zikiishia na kiunzi kizuri kilichotupiwa turubai, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwenda kinamasini wakati wake.

Kuchagua aina na ukubwa

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza ni nyumba ndogo ya mviringo iliyofunikwa kwa mikeka, ambayo ilifaa zaidi karibu na mashamba ya mahindi na pwani wakati wa joto, kwa sababu mikeka hukunjwa na kubebwa. Ya pili ni nyumba ya magome, mara nyingi ndefu na yenye meko zaidi ya moja, iliyojengwa bondeni penye miti inayokinga upepo wa majira ya baridi, na watu wa ukoo mmoja waliishi humo pamoja.

Roger Williams, Mwingereza aliyeishi jirani na watu wa Narragansett, ambao wanapakana na Wampanoag na ambao nyumba zao zilikuwa za namna hiyo hiyo, aliandika mwaka 1643 kwamba familia mbili ziliweza kuishi kwa raha na kwa upendo katika nyumba ndogo ya mviringo yenye upana wa futi 14 hadi 16, yaani mita 4.3 hadi 4.9. Daniel Gookin, mlowezi wa Kiingereza huko Massachusetts aliyeandika mwaka 1674, alitaja nyumba za urefu wa futi 20 au 40, na nyingine alizoziona za futi 60 hadi 100. Mwongozo huu unafuata nyumba ya mviringo yenye upana wa mita 4.5 na kimo cha mita 2.3 hivi katikati. Mtu mzima husimama wima ndani yake, na watu wanne au watano wanaweza kuijenga bila mashine.

Ruhusa kabla ya panga

Kata miti michanga mahali ambapo mwenye ardhi amekuruhusu, na ikiwezekana pale ambapo miti imebanana na inahitaji kupunguzwa. Majani ya kinamasi nayo yana sheria zake, maana Massachusetts inalinda ardhioevu kisheria, na mtu haingii tu na kuvuna. Nyumba hii pia ni urithi wa watu walio hai. Ikiwa unaijenga kwa ajili ya maonyesho au mafunzo ya umma, wasiliana kwanza na jumuiya za Wampanoag zenyewe na uwape nafasi ya kuongoza kazi. Huko Plymouth, mahali ambapo Wampanoag walipaita Patuxet kabla Waingereza hawajafika mwaka 1620, makumbusho ya Plimoth Patuxet yana makazi yaliyojengwa upya yenye nyumba za mikeka na ya magome. Kuingia ndani ya nyumba hizo na kutazama fundo kwa fundo kunafundisha kuliko mchoro wowote.

Hatua ya kwanza: magome na kamba, majira ya machipuko

Mwezi Mei na Juni utomvu hupanda mtini na gome huachana na mti kwa urahisi. Nje ya kipindi hicho gome hung'ang'ania na kupasuka vipande vipande.

Kwa kamba, tafuta miti ya jamii ya Tilia, iitwayo basswood kwa Kiingereza. Toa gome lake kwa vipande virefu, kisha tenganisha gome la ndani, lililo laini na lenye nyuzi, na lile la nje lililo gumu. Gome la ndani lilowekwe kwenye maji yaliyotulia kwa wiki kadhaa mpaka tabaka zake zianze kuachana, kama makumbi ya nazi yanavyofukiwa kwenye tope la ufukweni hata yatoe usumba. Lioshe, lianike, lichane kwa upana wa kidole, na ulihifadhi katika matita. Litahitaji kuloweshwa tena kidogo siku ya kufunga, kwa kuwa likiwa kavu huvunjika na likiwa na unyevu hukaza fundo linapokauka. Gome la ndani la mwerezi hutumika vilevile, ingawa mimi ningelitumia kwa vifungo visivyobeba uzito mkubwa.

Kama nyumba yako ni ya magome, huu ndio wakati wa kuyavuna pia. Gookin alieleza kwamba nyumba bora zilifunikwa kwa magome yaliyovuliwa utomvu ukiwa juu, yakalazwa mabichi chini ya magogo mazito mpaka yakakauka yakiwa yamenyooka. Chora mkato wa kuzunguka mti chini, mwingine juu, na mmoja wa wima unaoiunganisha, kisha sukuma kabari ya mti taratibu chini ya gome mpaka litoke lote kama bamba moja. Mti uliovuliwa gome kwa kuzungukwa hufa, kwa hiyo chukua gome la miti ambayo itakatwa kwa kazi nyingine. Hapo zamani gome la Castanea, mti wa njugu uliokuwa umejaa katika misitu ya mashariki, lilipendwa sana. Lakini ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa New York mwaka 1904 uliangamiza karibu miti yote mikubwa ya aina hiyo, na miti ya Ulmus (elm kwa Kiingereza) nayo ilipata maradhi yake baadaye. Mjenzi wa leo hutumia gome linalopatikana.

Hatua ya pili: mikeka ya nje

Hapa ndipo penye nyumba yenyewe. Williams aliandika kwamba wanaume ndio walioleta miti na kuisimika, kisha wanawake wakaifunika nyumba kwa mikeka na kuipamba ndani kwa mikeka mingine waliyoitengeneza wao. Ujuzi wa kuzuia mvua na baridi ulikuwa mikononi mwa wanawake, na mwongozo wowote unaoharakisha sehemu hii unawapunja.

Mikeka ya nje hutengenezwa kwa majani ya Typha, mmea mrefu wa kinamasi wenye kichwa cha kahawia kilicho kama mshumaa, ambao jamaa zake humea pia kandokando ya maziwa ya Afrika Mashariki kama Naivasha. Vuna mwishoni mwa majira ya joto, mwezi Agosti au Septemba, majani yakiwa yamefikia urefu wake wote lakini hayajaanza kuwa manjano. Chagua mimea isiyotoa kichwa, kwa sababu ile iliyochanua ina bua gumu katikati na majani yake ni mafupi. Kata karibu na maji, tenganisha majani, yapange kwa urefu, na uyaanike kivulini penye upepo kwa wiki kadhaa. Jua kali huyafanya yawe mepesi kukatika, na fungu lililobanwa kabla ya kukauka huota ukungu.

Hesabu mahitaji kabla ya kuvuna. Kuba la upana wa mita 4.5 lina eneo la karibu mita za mraba 32. Mkeka wa urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.5, ukiondoa sehemu zitakazopandana, hufunika chini ya mita za mraba 4, kwa hiyo utahitaji mikeka kumi hivi. Kwa majani yenye upana wa sentimita 1.5 hadi 2 yaliyopangwa tabaka mbili, kila mkeka hula majani 300 hadi 400. Vuna basi si chini ya majani 4,000 mazuri, na ongeza robo ya ziada kwa yatakayoharibika.

Kushona hufanywa majira ya baridi, watu wanapokuwa ndani. Mkeka huu haufumwi. Hushonwa, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya uzuie maji. Lainisha majani kwa kuyanyunyizia maji na kuyafunika usiku mmoja. Yalaze sambamba, kichwa kwa mkia yakipokezana ili mkeka usiwe mnene upande mmoja, na tabaka la pili lifunike viungo vya la kwanza. Chukua sindano ndefu ya mfupa iliyopinda kidogo, ambayo hutengenezwa vizuri kutokana na ubavu wa kulungu, na upitishe uzi katikati ya unene wa majani, ukiyatunga moja baada ya jingine, bila kuutokeza juu wala chini. Uzi unaoonekana nje huwa mfereji wa maji kuingia ndani. Uzi uliojificha ndani ya jani hauguswi na mvua. Rudia mstari wa ushonaji kila baada ya sentimita 15 au 20, kisha suka ncha za juu na chini ziwe pindo imara.

Uzi mzuri hutoka katika mmea wa Apocynum cannabinum, ambao mabua yake hukusanywa yakishakauka majira ya kupukutika kwa majani. Mabua hupondwa, nyuzi hutolewa na kusokotwa juu ya paja kuwa ncha mbili zilizopindana. Asiyeupata atumie uzi wa katani uliosokotwa vizuri, ambao una tabia ya kukaribiana nao.

Jani la Typha lina vyumba vidogo vya hewa ndani yake. Hewa hiyo huzuia baridi, na jani likipata maji huvimba kidogo na kuziba nafasi baina yake na jirani yake. Kwa sababu hiyo mkeka ulioshonwa vizuri huwa bora mvua inapoendelea kuliko dakika zake za kwanza, na anayeona tone moja mwanzoni asikimbilie turubai.

Hatua ya tatu: mikeka ya ndani

Mikeka ya ndani hufumwa kwa ndago ndefu za majini, ambazo hazina upana wa Typha lakini ni laini, huchukua rangi, na hupendeza macho. Baadhi ya ndago hutiwa rangi na kufumwa kwa michoro. Waingereza wa meli ya Mayflower waliopita Cape Cod, rasi ya Massachusetts, mwezi Novemba 1620 waliingia katika nyumba ambazo wenyewe hawakuwemo, wakaandika kwamba zilikuwa na mikeka nje na ndani, na kwamba ile ya ndani ndiyo iliyokuwa mipya na mizuri zaidi. Walichukua pia baadhi ya vitu bora walivyovikuta humo, jambo ambalo wao wenyewe walilikiri kwa maandishi.

Urembo huo una kazi. Mkeka wa ndani hufungwa upande wa ndani wa kiunzi na wa nje upande wa nje, hivyo unene wote wa miti hubaki kuwa nafasi ya hewa iliyotulia kati ya kuta mbili. Asiyeweka mikeka ya ndani amejenga kivuli cha kiangazi, hata kama nje kumefungwa barabara.

Hatua ya nne: kiunzi, machipuko ya mwaka wa pili

Kata miti michanga 20 iliyonyooka, ya mwerezi ikiwezekana, yenye unene wa sentimita 5 hadi 7 shinani na urefu wa mita 5. Ongeza fito nyembamba zaidi 20 kwa ajili ya mikanda ya mlalo. Ambua magome yote mara moja, kwa kuwa wadudu hukaa chini ya gome na mti usioambuliwa huoza upesi. Maganda yenyewe ni kamba za ziada. Jenga ndani ya siku chache baada ya kukata, mti ungali mbichi.

Chagua kiwanja kilichoinuka kidogo, kisichotuamisha maji. Simika kigingi katikati, funga kamba ya mita 2.25, na uchore duara. Weka alama 20 kwa umbali wa sentimita 70 hivi, na uamue mapema ni nafasi ipi itakuwa mlango. Upepo mkali wa majira ya baridi huko New England, yaani eneo hili la kaskazini-mashariki mwa Marekani, hutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo upande wa kusini-mashariki unafaa. Toboa mashimo ya kina cha sentimita 40 kwa mti mzito uliochongwa, ukiyaelekeza nje kidogo. Mti uliopindwa hutaka kujinyoosha, na shimo lililolala nje huufanya uanze kupanda karibu wima kabla ya kukunja, hivyo ukuta haumbani aliyeketi pembeni na mti hauvunjiki usawa wa ardhi.

Simika miti yote, shina likiwa chini. Igawe katika makundi manne ya miti mitano: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Anza na mti wa katikati wa mbele na wa katikati wa nyuma: watu wawili waivute taratibu mpaka ncha zipishane kwa karibu mita 2, na wa tatu azifunge mahali patatu. Kisha fanya hivyo kwa jozi ya kulia na kushoto, tao lake likipita juu ya la kwanza. Endelea kwa kupokezana pande, ili kuba lisivutwe upande mmoja. Mti unaolia unapouvuta upumzishe, uupinde kidogo kidogo juu ya goti sehemu yake nene, kisha urudie. Miti ya pembeni itatoa matao mafupi zaidi, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa funga mikanda ya mlalo kwa nje. Wa kwanza uwe sentimita 45 kutoka ardhini na ukatike kwenye mlango. Wa pili uwe sentimita 90, na utakuwa kizingiti cha juu cha mlango, kwa kuwa waandishi wa mwaka 1620 walisema milango haikuzidi yadi moja kwa kimo. Mikanda miwili zaidi ifuate kuelekea juu. Kila makutano ya mti na ufito yafungwe, bila kuruka hata moja. Kiunzi kikikamilika, mtu mzima aweze kupanda juu yake bila kuyumba.

Hatua ya tano: kuezeka

Funga mikeka ya nje kuanzia chini kwenda juu, majani yakiwa yamesimama wima ili maji yafuate urefu wake, na kila mkeka wa juu upande juu ya ule wa chini kwa sentimita 15. Acha kileleni tundu la moshi la sentimita 60 hivi kila upande. Mkeka mmoja mdogo uning'inie mlangoni. Mwisho, zungusha kamba ndefu au fito chache juu ya mikeka yote, maana upepo huingia chini ya pindo na kuinyanyua. Kwa nyumba ya magome, mabamba hupangwa kwa utaratibu huo huo, kisha kiunzi cha pili cha fito hufungwa nje yake, na gome likabanwa katikati ya viunzi viwili ili lisijikunje.

Moto, moshi na malazi

Meko iwe katikati, ndani ya duara la mawe, na moto uwe mdogo daima. Waandishi wa mwaka 1620 waliona vigingi vinne vifupi vimepigwa ardhini katikati ya nyumba na vijiti vimelazwa juu yake kwa ajili ya kutundika vyungu, nawe unaweza kufuata mpangilio huo. Kuhusu moshi, Gookin alieleza jambo la maana sana: mlango hufungwa kila mara kwa mkeka, kwa sababu hewa inayoingia mlangoni siku ya upepo huujaza moshi ndani, na moshi ukirudishwa chini kupitia tundu, kimkeka kidogo kilichowekwa juu ya paa huzungushwa kwa kamba kikinge upande unaotoka upepo. Kitengeneze kimkeka hicho kabla ya kuwasha moto wa kwanza, na kamba yake ishuke ndani mahali inapofikika ukiwa umeketi. Mikeka mikavu hushika moto upesi, kwa hiyo moto usiachwe bila mtu, na maji yawe karibu.

Kandokando ya ukuta jenga majukwaa ya kulala ya kimo cha sentimita 30 kwa vigingi na mbao zilizopasuliwa, ukitandika mikeka na juu yake ngozi za kulungu au za dubu. Kimo hicho kinamtenga mlalaji na unyevu wa ardhi na bado kinamweka chini ya moshi, ambao hukusanyika juu. Gookin, aliyelala mara nyingi katika nyumba hizi, alisema alizikuta na joto sawa na nyumba bora za Waingereza.

Kuhama na kutunza

Nyumba ya mikeka imetengenezwa ili ihame. Williams alisimulia kwamba safarini alilala katika nyumba fulani, na aliporudi akitumaini kulala humo tena akaikuta imekwisha kuondolewa, akalala chini ya mti. Wakati wa kuondoka, ngoja mikeka ikauke kabisa, ifungue kuanzia juu, ivingirishe kwa kufuata upande ambao majani hayavunjiki, na uihifadhi mahali pakavu palipoinuka. Kiunzi huachwa kimesimama. Ukirudi msimu ujao, shika kila mti karibu na ardhi na uutikise. Unaocheza umeoza ndani ya shimo, na hubadilishwa peke yake kwa kufungua vifungo vyake tu. Mikeka ya nje ikaguliwe kwa kuitazama kutoka ndani nyumba ikiwa imefungwa mchana, kwani kila penye mwanga pana jani lililopasuka, na jani jipya hupenyezwa hapo na kushonwa kwa uzi ule ule uliojificha.